Tanki la lita elfu 20, maboza mawili ya elfu 10, na maji ambayo hayakuwepo

Hiki kisa ni cha nyumbani kwa dada yangu mkubwa, Goba, Dar es Salaam, na nimeamua nikiandike chote na namba zake maana kila nikimsimulia mtu kabla sijamaliza anakata, "basi fundi kawapiga" au "dereva mwizi huyo", na mimi mwenyewe nilianzia hapo hapo.

Ilikuwa hivi. Maji ya bomba kule yanakuja kwa mgao, wiki hii yapo wiki ijayo hamna, kwa hiyo dada na shemeji wakachimba tanki la chini ya ardhi uani, la zege na tofali, lile unalolifunika slabu juu na kuacha mfuniko mmoja wa kuingilia. Fundi akawaambia hili ni la lita elfu 20. Tanki likakauka, likaoshwa, likaletwa boza la maji limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu LITA 10,000, likamwaga, likarudi tena trip ya pili, likamwaga, na karibu kabisa na mwisho wa trip ya pili maji yakaanza kuchuruzika kwenye bomba la ovaflo, dereva akafunga koki. Elfu 10 mara mbili ni elfu 20, tanki ni la elfu 20, limejaa. Fundi alikuwepo siku hiyo, akacheka akasema "si niliwaambia", dada akampa na hela ya soda.

Sasa juu ya mnara kuna simtanki la lita 2,000, pampu inavuta maji kutoka chini inalijaza, na dada yangu ni mtu wa hesabu za nyumbani, kila akiwasha pampu anaweka mstari wa chaki kwenye kiboksi cha swichi. Mistari ilitakiwa ifike kumi. Ikafika saba, pampu ikaanza kuvuta upepo. Akasema labda nimesahau kuhesabu. Wakajaza tena maboza mawili, ikafika saba tena. Safari ya tatu, saba.

Hapo ndipo nyumba ilipoanza kuchafuka. Wa kwanza kushukiwa ni tanki lenyewe, linavuja, fundi akaitwa akapiga saruji ya watapruf koti mbili, hela ikatoka, na baada ya hapo ikawa saba vile vile. Wa pili kushukiwa wakawa wapangaji wa vile vyumba viwili vya nyuma, kwamba usiku kuna mtu anafungua mfuniko anachota na dumu, dada akanunua kufuli, mama mmoja mpangaji akanuna wiki nzima hata salamu hatoi, na kusema kweli alikuwa na haki ya kununa. Kufuli likafungwa, ikawa saba.

Mimi nilifika pale kwa mambo mengine kabisa, kula pilau la Jumapili. Dada akanisimulia, na kitu kilichonishangaza sio ile saba, ni kwamba katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyewahi kuitilia shaka ile elfu 20. Na nikajiuliza ingekuwa mimi ningeitilia shaka? Hapana. Fundi kasema elfu 20 kwa njia yake, boza limesema elfu 20 kwa njia yake, hawajuani hawa watu, na majibu yamelingana hadi kwenye tone la ovaflo. Ni kama mashahidi wawili waliotoka vijiji tofauti wakasema kitu kimoja, hakimu gani atauliza zaidi?

Kabla ya kupima chochote nikataka nimalize habari ya kuvuja kwanza. Usiku tukazima pampu, tukachovya bomba jembamba la plastiki hadi chini, nikaweka alama ya kalamu pale maji yalipofika, asubuhi tukachovya tena. Alama pale pale. Tanki halivuji, na usiku ule hakuna aliyechota. Dada akaenda kumuomba radhi yule mama mpangaji siku hiyo hiyo, hilo namsifu.

Jumamosi iliyofuata maji yalikuwa yamebaki kidogo tu chini, tukafungua mfuniko mapema upigwe hewa vya kutosha (jamani watu wanakufa humu ndani kwa kukosa hewa, msiingie peke yenu, lazima mtu abaki juu anawaangalia), mpwa wangu wa kidato cha pili akashuka na ngazi na tepu, mimi juu naandika. Urefu ndani sentimita 285. Upana 225. Kutoka sakafuni hadi usawa wa chini wa bomba la ovaflo, 225. Nikamwambia haya anko wako mzee, piga wewe hesabu.

Akapiga kwenye simu, 285 mara 225 mara 225, ikaja 14,428,125. Akakodoa macho, "Anko, lita milioni kumi na nne?" Mama yake akapiga kelele ya furaha huko jikoni. Nikamwambia hizo sio lita, hizo ni sentimita za ujazo, kila moja ni kipande kidogo kama dadu ya ludo ile kubwa. Akasema sawa, mita moja ina sentimita mia, nagawanya kwa mia, mita za ujazo 144,281. Hapa ndipo watoto wengi wanapoangukia na watu wazima pia, wanajua mita ni sentimita mia wanadhani na mita ya ujazo nayo ni mia. Nikamchorea kwenye mchanga boksi la mita moja kila upande, nikamwambia panga vidadu vyako chini kwanza, mia kwenda huku, mia kwenda kule, ni elfu kumi tayari na hujapanda hata ghorofa ya pili, na ghorofa ziko mia. Milioni moja. Akanyamaza, akagawanya kwa milioni, ikaja 14.43. Na mita moja ya ujazo ndiyo ile ile yuniti moja kwenye bili ya maji, lita elfu moja. Kwa hiyo tanki limejaa hadi ovaflo ni lita 14,430 hivi. Furaha ya jikoni ikaisha.

Kwa hiyo fundi mwongo? Nikampigia. Akaja na daftari lake, mtu mwenye daftari huwa namheshimu, akafungua ukurasa, shimo: mita 3.2 kwa 2.6 kwenda chini 2.5. Zidisha mwenyewe, inakuja 20.8. Lita elfu 20 na ushee. Hakudanganya hata nukta, ila alichopima ni shimo. Na kwa kazi yake ndicho kipimo sahihi, maana vibarua wa kuchimba analipa kwa ukubwa wa shimo, na gari la kubeba udongo anakodi kwa ukubwa wa shimo (na zaidi, maana udongo ukichimbwa unaumuka, unaweza ukaongezeka robo nzima, ndio maana kile kifusi huwa hakirudi chote). Sasa akatoka kwenye shimo akaenda kwenye maji bila kubadilisha namba.

Angalia ilivyokatika. Tofali zilikuwa za inchi 6, yaani sentimita 15, na lipu ya ndani sentimita mbili na nusu, jumla 17.5. Ukiisikia unaona ni kidogo, kiganja kimoja tu. Lakini ukuta uko pande zote mbili, kwa hiyo kila kipimo kinapungua 35, 3.2 inakuwa 2.85 na 2.6 inakuwa 2.25. Eneo la chini lilikuwa mita za mraba 8.32, limebaki 6.41. Asilimia 23 imeliwa na kuta peke yake, kabla hata hujagusa kimo. Kwenye kimo jamvi la chini limekula 15, na juu ovaflo imewekwa sentimita 10 chini ya slabu, kwa hiyo 2.5 imekuwa 2.25. Kila upande umepungua kidogo kidogo tu, lakini kwenye ujazo pande zote tatu zinazidishana, kila kipunguo kinakata tena kile kilichobaki, na ndio maana macho yanadanganyika. Nimeona hata ma-injinia wa kuchora wanadanganyika hapa, sembuse sisi.

Halafu kuna kingine ambacho hata mimi nilikuwa sijakiwaza hadi mpwa aliposema kutoka kule chini, mdomo wa bomba la pampu hauko sakafuni, umenyanyuliwa sentimita 15 usivute matope. Maji yaliyo chini ya hapo yapo lakini hayapandi. 6.41 mara 0.15, karibu lita 960 zimelala pale daima. Kwa hiyo maji ya kutumia ni yale ya kimo cha mita 2.10, lita 13,470 hivi. Gawanya kwa saba. 1,924. Na lile simtanki la 2,000 lina boya linalofunga kabla halijajaa kabisa. Mistari saba ya chaki ya dada yangu ndiyo ilikuwa kipimo pekee cha kweli pale nyumbani, na ndicho kila mtu alikuwa anakikatalia.

Nikataka uhakika zaidi nisije na mimi nikawa fundi wa pili. Nikapanda mnarani na ndoo ya lita 20, pampu ikawashwa, nikatega ndoo pale pale maji yanapoingilia kwenye simtanki, ndoo ikajaa kwa sekunde 24, ni lita 50 kwa dakika. Tukaacha pampu ijaze simtanki lote, dakika 38, yaani lita 1,900. Chini kule maji yalishuka sentimita 30. Kwa hesabu ya tanki kila sentimita moja ni lita 64 (eneo 6.41 mara unene wa sentimita moja), 30 mara 64 ni 1,920. Ndoo, saa na tepu vikakubaliana, na safari hii nilijua kila kimoja kimetoka wapi.

Sasa turudi kwenye lile swali ambalo kama umefuatilia tayari linakuwasha. Kama tanki ni 14,430, maboza mawili ya elfu 10 yaliingiaje?

Hayakuingia. Boza lilivyokuja tena nikamwomba dereva kwa ustaarabu, kaka naomba nipime gari lako, akasema pima tu braza, akawasha sigara. Urefu wa pipa mita 3.7. Upana 2.1. Kimo 1.3. Zidisha hizo tatu inakuja 10.1, na nilipoona namba ile nikacheka peke yangu, maana nadhani ndipo ile LITA 10,000 ilipozaliwa. Mtu fulani kwenye gereji alizidisha kama boksi. Lakini boza sio boksi, ukilitazama kwa nyuma ni kama yai lililokaliwa, duaradufu, kona nne zote hazipo. Eneo la duaradufu ni pai mara nusu ya upana mara nusu ya kimo: 3.1416 mara 1.05 mara 0.65, inakuja 2.144, mara urefu 3.7, ni mita za ujazo 7.93. Kona zisizokuwepo zinabeba zaidi ya moja ya tano ya boksi. Na hii hutokea kwa duara lolote ukilibana kwenye boksi lake, mviringo au yai ni hiyo hiyo, linabaki na asilimia 78.5, ni pai gawanya kwa nne.

Nikapanda juu nikachungulia. Maji hayakufika mdomoni, yalikuwa chini kidogo, sentimita 13 hivi, sehemu ya kumi ya kimo. Dereva akasema likijaa kabisa linamwagika kwenye matuta, jambo la kweli. Hapa kuna utamu mmoja wa maumbo ya mviringo: kupungua kwa sehemu ya kumi ya kimo sio kupungua kwa sehemu ya kumi ya maji. Juu kule pipa ni jembamba, kwa hiyo ile sehemu ya kumi ya juu inabeba asilimia 5 tu na kitu, lita kama 410. Ukishuka hadi robo ya kimo imepungua asilimia karibu 20. Katikati ndiko kwenye tumbo, sentimita moja ya katikati ina maji mengi kuliko sentimita moja ya juu au ya chini. Ndio sababu fimbo ya kupimia tanki la namna hii haiwezi kuwa na mistari iliyoachana sawa sawa, na malori ya mafuta ambayo Wakala wa Vipimo huyapima huwa na chati yake, huwezi kukisia kwa jicho.

Kwa hiyo lilibeba kama lita 7,520. Tukachovya lile bomba la plastiki tankini kabla, maji sentimita 15. Boza likamwaga lote, tukachovya, 130. Yamepanda 115. Mara 64 na kidogo, ni lita 7,370 hivi. Zile 150 zilizobaki ni yale yanayobaki chini ya pipa, yaliyomwagika kwenye mpira, na makosa yangu ya tepu, maana pipa nililipima kwa nje na sio yai kamili. Mimi kipimo cha tankini ndicho ninachokiamini zaidi, tanki lina kuta zilizonyooka.

Unaona sasa mchezo ulivyokuwa. Fundi namba yake ilizidi ukweli, tanki lilikuwa asilimia 72 ya alichosema. Boza nalo lilishusha asilimia 74 ya lilichoandika. Mmoja kasahau kuta, mwingine kasahau kona, wamepishana nukta mbili tu, na kwa sababu wamekosea karibu sawa wakakubaliana. Angekosea mmoja peke yake tungejua siku ya kwanza.

Na kulikuwa na hasara nyingine ndogo ndani yake. Siku ya kwanza tanki lilikuwa kavu, lakini kila walipojaza baadaye zile lita 960 zilikuwepo chini tayari, nafasi ni 13,470, maboza mawili yanashusha 14,740. Kwa hiyo kila mara boza la pili lilikuwa linaondoka na lita zaidi ya 1,200 ambazo zimeshalipiwa, ndoo sitini na kitu, dada anaona ovaflo inachuruzika anafurahi anasema limejaa, asante baba, safari njema.

Haya, kuhusu huyu dereva. Nilimkalisha chini ya mwembe nikamwonyesha daftari, na nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Akasoma, akaniuliza ile ya yai mara mbili, akaenda kulitazama gari lake kwa nyuma kama analiona mara ya kwanza. Halafu akasema, "Braza, unajua mimi kisimani nachajiwa elfu 10?" Yaani pale anapojazia, kwenye kisima cha mtu, anatozwa kwa kusoma ubavu wa gari. Boza lenyewe sio lake, la tajiri, lilinunuliwa limeshaandikwa hivyo. Akapiga mahesabu kimya kimya, trip ngapi kwa siku, miezi mingapi, nikaona uso unabadilika. Dada akamletea maji ya kunywa.

Bei ndiyo ilikuwa ngumu. Chukulia mfano boza ni shilingi 100,000. Ulidhani unanunua lita kwa shilingi 10, kumbe ni kama 13.57. Dada akataka bei ishuke kwa kiasi hicho hicho, dereva akasema tajiri hatakubali, gari linakunywa mafuta yale yale uwe umebeba elfu 7 au elfu 10, na hapo alikuwa na hoja, safari ndiyo inayogharimu kuliko maji. Shemeji yeye hakutaka hata kusikia, alisema lipa tu boza ni boza. Mwisho wakakubaliana kulipa kwa sentimita: bomba la plastiki limechorwa alama za rangi, kila sentimita lita 64, linachovywa kabla na baada mbele ya wote wawili, na kinacholipwa ni kilichopanda. Bei ya lita ikapanda kidogo kuliko ile ya kwenye karatasi ya zamani, lakini boza la pili sasa haliondoki na maji ya mtu.

Fundi hakurudisha hela ya watapruf, na sikuona sababu ya kumdai, aliitwa akapiga kazi. Ila kwenye daftari lake sasa kuna safu mbili, moja ameandika SHIMO na nyingine MAJI, nilimwona nazo kwa jirani wa mtaa wa pili anakojenga tanki jingine.

Wiki iliyopita yule dereva kanipigia usiku saa tatu. Ana mteja huko Madale ana tanki la duara, kipenyo mita mbili, anataka na yeye bomba la alama, sentimita moja ni lita ngapi? Nikamwambia nusu kipenyo ni mita moja, mara yenyewe ni moja, mara pai, mara sentimita moja, ni lita 31 na kidogo. Akanyamaza. "Hizo mita mbili amepimia nje au ndani?" nikamuuliza. Akasema ngoja nimpigie.